Sufuria Yangu na Risasi za Bosi

Kwanza niseme wazi: sufuria ilikuwa yangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu katika nyumba ile ya Riyadh nililisema mara nyingi, kwa Kiarabu changu cha jikoni mbele yao na kwa Kiswahili nikiwa peke yangu, na halikumwingia mtu.

Ilikuwa sufuria nzito ya chuma cha kusubu, nyeusi, yenye masikio mawili. Mama alinipa nilipokuwa naondoka Malindi kwenda kufanya kazi ya nyumbani Uarabuni. Pale uwanja wa ndege mzigo wangu ulizidi uzito, nikatoa viatu na blanketi, sufuria ikabaki. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walicheka, na mmoja akauliza kama nadhani Waarabu hawana vyombo. Mimi nilijua naenda nyumba ya watu, ambako kitanda si changu, mlango si wangu, na hata siku ya kupumzika itakuwa hisani ya mtu. Nilitaka kitu kimoja ambacho nikikishika najua ni changu.

Nyumba ile ilikuwa na majiko mawili. La ndani lilikuwa la madam, mke wa bosi, limejaa vioo na halipendi harufu. La nje lilikuwa uani, lina gesi na sinki, na huko ndiko tulikokaangia samaki. Ijumaa, wakishakula na kulala, nilisonga ugali wangu huko, au nikapika wali kwa tui la kopo, nikala nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha nikaiosha sufuria, nikaipaka mafuta isipate kutu, nikaitundika kwenye msumari wake.

Bosi, ambaye nilimwita baba, alikuwa mstaafu, mtu wa sauti ya chini. Sitamsingizia: hakunitukana wala kuniinulia mkono. Alikuwa na bunduki ndogo yenye kibali, ya mtutu mwembamba, na risasi zake alizitengeneza mwenyewe hapo hapo jiko la nje, kwenye meza ya pembeni. Za dukani, alisema, zimetengenezwa kwa bunduki za watu wote, naye alitaka zile ambazo bunduki yake inazipenda.

Alikusanya vile vipande vya madini ya risasi vinavyobandikwa kwenye magurudumu ya gari ili yasitetemeke. Mafundi wa matairi walimwekea kwenye ndoo. Aliviyeyusha katika kikaango chembamba, akatia kipande cha nta ili uchafu upande juu, akauengua kwa kijiko kama mtu anayeengua povu la maharagwe. Halafu alimimina kwenye kalibu, chuma chenye matundu mawili ya umbo la risasi. Aliifungua na kuigonga kwa kijiti, na risasi mbili zikaanguka juu ya taulo lililoloweshwa. Mara nyingi zilitoka na mikunjo, kwa sababu kikaango kilipoa upesi. Alizitazama moja moja kwenye mwanga, akaguna, akazirudisha motoni.

Mimi nilikuwa wa kufagia baada yake. Tangu mwanzo alinionya nisishike vumbi lile kwa mkono mtupu, na ninawe vizuri kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Yaani alijua. Hilo nataka likumbukwe.

Binti yao aliyeolewa Jeddah alipojifungua, madam alinichukua twende tukamlee mzazi hadi arubaini. Tulikaa mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenye ghorofa lenye lifti iliyokwama kila mara, nikafua nepi na kupika supu. Sufuria niliiacha Riyadh kwenye msumari wake. Ilinipitia akilini kwamba ingeshika kutu, basi. Jingine lolote sikuliwaza.

Tuliporudi, nilitua mabegi ya madam, nikaenda uani kuanika taulo. Harufu ndiyo iliyonipokea, harufu ya nta iliyoungua. Sufuria ya mama yangu ilikuwa juu ya gesi. Ndani yake risasi ilikuwa imeyeyuka, inang'aa, na baba alikuwa ameinama juu yake na kijiko.

"Baba, hii ni sufuria yangu ya chakula."

"Nzuri sana," akasema bila kuinua macho. "Inashika joto. Tazama hizi."

Akaninyooshea risasi kwenye kiganja chenye glavu. Kweli zilikuwa safi, laini, hazina mkunjo hata mmoja. Alifurahi kama mtoto aliyeota jino, na alitaka nifurahi naye. Nikamwambia nilikoitoa, na nani alinipa, na kwamba mimi nala humo. Hapo ndipo alipoinua macho. Aliona haya kidogo, nililiona hilo usoni mwake, lakini moto ulikuwa unawaka na kalibu imeshapata joto.

"Basi, nitakununulia nyingine," akasema. "Halas."

Ile halas ndiyo iliyofunga mjadala. Siku zilizofuata akaniletea seti ya masufuria mekundu, ya kisasa, yasiyoshika chakula. Niliiacha ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Madam alinicheka, akasema wengine wangeshukuru. Nikamjibu kwamba sikuomba kununuliwa, niliomba kurudishiwa. Akaniambia nisikuze mambo, ni chuma tu. Kama ilikuwa chuma tu, mbona hakumpa mumewe moja ya zile birika zake za kahawa zilizopangwa kwenye kioo?

Kuanzia hapo sikula tena kule nje. Ugali nikawa nausonga jiko la ndani kwa chombo cha madam, naye akalalamika harufu, wakati ugali hauna harufu. Baba akaendelea na utafiti wake. Kila risasi aliipima kwenye mizani ndogo, iliyozidi au kupungua akaitenga. Baruti aliiongeza kidogo kidogo, akajaza maganda machache, akaenda nayo shambani kwake jangwani kulenga karatasi. Akirudi alinionyesha matundu, kwa kuwa madam hakutaka kuyaona. Mwanzoni yalitawanyika. Kisha yakaanza kukaribiana, mpaka siku moja akafika na karatasi ambayo matundu yake yote yalifunikwa na sarafu ya riyali moja. Alisema amepata kipimo ambacho bunduki imekikubali.

Wiki ile ile akaalika marafiki zake. Nilikuwa nazunguka na birika ya gahawa pale majlisi, sebule ya wageni wa kiume, karatasi inapita mikononi mwa wanaume, kila mmoja anasema mashallah. Baba akaniambia nilete ile sufuria. Nikaileta. Akaiinua kwa masikio yake mawili.

"Siri iko hapa," akawaambia. "Sufuria yangu hii."

Nikasema, mbele ya wote, kwamba ni yangu. Wakacheka wote, na yeye akacheka. Walidhani natania, kwamba mfanyakazi akikaa sana jikoni hujiona mwenye jiko. Nikamimina gahawa iliyobaki. Nilikuwa na hasira ya kumwaga ile birika mapajani mwa mtu.

Likizo ya shule wote tulikwenda Jeddah, na Ijumaa moja nikapewa ruhusa, nikaenda mtaa wa Ghulail kwa bibi mmoja niliyemzoea tangu ile safari ya kulea mzazi. Watu wake walitoka Unguja zamani, yeye amezeekea pale, na Kiswahili chake hakijapoteza hata herufi. Nikamweleza yote. Akaniambia chombo kile kimekwisha kunywa sumu, hata nikikisugua mpaka kiama hakipikiwi tena, basi nikiache roho ipoe.

Nikamwambia mtu akiharibu chako, hakigeuki kuwa chake. Mimi sidai wali. Nataka aseme mbele ya watu kwamba ni sufuria yangu, na siku nikiondoka niondoke nayo.

Bibi akanitazama, akacheka. "Basi kachukue chako, mwanangu, hata kama utakwenda kuzuilia mlango."

Mkataba wangu ulipokwisha, nilisema nataka kurudi nyumbani, wakakubali bila ugomvi. Asubuhi ya safari nilikwenda jiko la nje. Kipande cha risasi kilichogandia ndani nilikipasha moto kidogo kikaachia, nikakitoa, nikakiweka mezani kwa baba juu ya kitambaa safi, pamoja na kijiko chake. Cha mtu sikutaka. Sufuria niliifunga kwenye kanga, nikaitia kwenye begi.

Madam alikuwa na desturi ya kupekua begi la kila mfanyakazi anayeondoka. Alinikabidhi wajukuu na funguo za nyumba muda wote ule, lakini begi alilipekua, sebuleni, nguo zangu za ndani zikiwa sakafuni. Pasipoti yangu alikuwa ameishika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukafika kwenye kanga, akaifungua.

"Hii ni ya baba, ya risasi zake. Inafanya nini humu?"

Nikamwita baba. Akaja na kandambili zake, akaiona sufuria sakafuni.

"Baba, mwambie," nikasema.

Aliitazama sufuria, akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi. Alijua. Mtu aliyeona haya siku ile uani hakuweza kuwa amesahau. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lisingempunguzia kitu. Akatabasamu.

"Mwache aende nayo," akamwambia madam. "Nimempa mimi. Ametufanyia kazi vizuri, ni zawadi yangu kwake."

Madam akalegea uso, akamwombea mumewe thawabu kwa ukarimu wake. Nje dereva alipiga honi. Wote wawili wakanigeukia wakingoja, na pasipoti bado ilikuwa kwenye ule mkono wa kushoto.

"Shukran, baba," nikasema.

Nikapewa pasipoti, nikafunga begi, nikaondoka.

Sufuria iko hapa Malindi, haipikiwi. Mama nilimweleza, akakasirika kuliko mimi, akataka kujua kwa nini nilishukuru. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Siku ile nilitoa shukrani bila mateke, kwa kuwa kitabu changu cha kusafiria kilikuwa mkononi mwa mtu. Sasa kiko kabatini mwangu, na nilichopaswa kusema ni hiki: baba, huwezi kunizawadia changu. Ile shukrani niliyokupa naichukua, irudi kwangu.