Beseni la Maji kwa Mwendesha Baiskeli

Juma lililopita, kwenye dispansari ya kambi yetu, mama mmoja aliingia akimvuta kijana wake kwa shati. Kijana anajiandaa kwa mashindano ya baiskeli hapa Élisabethville, na tangu aanze mazoezi mgongo wake umeinama mbele kana kwamba bado ameshika usukani.

"Simama muzuri," mwuguzi akamwambia.

"Niko nasimama, Baba."

Sote kwenye benchi tukacheka. Mama hakucheka; kwake kosa lote ni la kinga, yaani baiskeli. "Mumukataze kinga ile! Hata ku meza anainama, sawa anapanda mulima."

Kijana akanywea. Mwuguzi akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo wake, akamwinamisha, akamwinua. "Mifupa haiharibike, Mama. Ni mazoea tu. Asiache kinga. Lakini kila mangaribi achote maji, beseni ku kichwa, bila kushika."

"Baba, ile ni kazi ya babinti!" kijana akalalamika.

"Basi kinga naiuzisha leo," mama akasema.

Jana nilimkuta kijana yule bombani, katikati yetu wasichana, amebeba beseni, shingo imenyooka, maji yakimtiririka masikioni. "Yaya, punguza mwendo, hakuna mutu anakufuata!" mwenzangu akamtania, akimwita kama kaka yake mkubwa. Hakugeuka. Angegeuka, beseni lingeanguka, na baiskeli ingekwenda nalo. Alipita mbele yetu wima kabisa.

Mimi nachota maji pale kila siku tangu nilipoacha masomo. Kumbe muda wote huu niko mazoezini, ila mashindano yangu hayajatangazwa.