Simu Iliyokwenda Ilikozoea

Veneranda wa Litembo hakuiamini simu ya bintiye Devotha, na wiki ile alikuwa na sababu. Devotha alikuwa ameteremka Liuli, kando ya ziwa, kumuuguza bibi yake, akabeba kitochi tu, simu ndogo ya vitufe. Simu kubwa ilibaki kwa mama, pamoja na kazi moja: kuingia kwenye tovuti ya chuo cha uuguzi na kuthibitisha nafasi ya Devotha kabla ya Ijumaa. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Andika herufi za mwanzo tu, mama," Devotha alimwelekeza kabla ya kuondoka. "Itamalizia yenyewe."

Ikamalizia kweli. Ukurasa ukafunguka ukisema maombi yamefungwa. Veneranda akapanda juu kwenye ngolo za mahindi, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, ambako mtandao hushika vizuri, akarudia. Maneno yalikuwa yale yale. Hakumwambia mtu. Mtoto aliomba mwaka jana akakosa. Angemwambiaje kwamba safari hii amepata, ila mama yake kachelewa?

Alhamisi asubuhi alipanda bodaboda hadi Mbinga mjini, kwenye steshenari ya Kunigunda, binti wa jirani yake. Kunigunda alimpa shikamoo, akaichukua simu, akaitazama, akacheka.

"Mama, simu yako kama punda. Inakupeleka ilikozoea."

Akamweleza kwamba ule ulikuwa ukurasa wa maombi ya mwaka jana. Devotha aliufungua mara nyingi mno, kivinjari kikaukariri. Mtu akianza tu kuandika anwani, kinatanguliza ile ya zamani.

Veneranda akakumbuka njia ya mkato iliyokatiza kwenye kahawa zake. Watu waliizoea, wakawa wanapita bila hata kufikiri, mpaka alipoilazia matawi kuifunga.

"Basi na hiyo ilazie matawi," alisema.

Kunigunda, naye mtoto wa shamba, alielewa mara moja. Akaibonyeza ile anwani bila kuinua kidole, simu ikauliza kama ifutwe, akaifuta. Kisha akamwacha Veneranda mwenyewe aandike anwani mpya, yote, akiitazama kwenye ujumbe wa chuo uliokuwamo simuni, na kuiwekea nyota ili isipotee. Kunigunda alisema angeweza pia kuizuia simu isimalizie chochote. Veneranda akakataa, kwa kuwa vidole vyake vilizoea jembe na msaada aliutaka, mradi uwe wa kweli.

Ukurasa ukaja na jina la Devotha. Akathibitisha.

Alipompigia kumpa habari, Devotha alisikika akimwambia bibi, na bibi akapiga kigelegele chembamba cha mgonjwa.

Devotha sasa yuko chuoni. Veneranda akitaka kuona matokeo yake huandika herufi mbili, na simu humalizia mpaka mwisho. Yeye huisoma anwani yote kwa kidole, polepole, humwombea Kunigunda baraka, ndipo hubonyeza.