Nasambu na Chapati za Siku ya Wazazi

Nasambu wa Tuwan, Kitale, ambaye wengi humwita Mama Ian, anauza sweta za mitumba, lakini wanaomwendea kuuliza shule ni wengi kuliko wanaonunua sweta. Mabango ya alama hayamshughulishi. Siku ya wazazi kutembelea watoto, yeye hutandika sweta zake karibu na geti na kutazama midomo. Mtoto akimpokonya mamake chapati kabla ya salamu, shule hiyo ina njaa. Akiikataa, kuna taabu kubwa zaidi. Amewahi kukosea, ila siku hizo hazitaji.

Sabiha, muuza viatu wa Bungoma, alitaka kumpeleka bintiye Aaliyah shule moja ya bweni nje ya Kitale. Moyo ulisitasita: mtoto wa Kiislamu mbali na nyumbani, ataachwa ashike dini yake? Mwalimu wa Aaliyah alitaka jina la shule kufikia kesho yake. Nasambu alikuwa ameenda kuichungulia, akafika Bungoma na jibu.

"Mama Aaliyah, hiyo shule wachana nayo."

"Kwa nini, Mama Ian?"

"Wasichana wawili wa hijabu walipewa chapati na mama ya rafiki yao. Chapati moto, bana. Wakasema asante, wakazifunga kwa karatasi. Mtoto wa bweni akatae chapati? Huyo ameshavunjika roho."

Sabiha aliacha kupanga viatu. "Endelea."

"Mmoja akasema metroni anawaamsha saa kumi usiku, ati wanywe chai na viazi. Hao wawili tu, wengine wanakoroma. Hiyo si shule, ni jela."

"Mama Ian, tangu ufike nimekukaribisha chai?"

Nasambu alikuwa ameliona hilo, akalihesabu kuwa uchoyo. Idd huikumbuka kwa sababu ya pilau. Mfungo unaoitangulia humpita tu.

"Ramadhani," akasema.

"Na hiyo chai ya saa kumi ni daku. Mimi mwenyewe Aaliyah namvuta miguu ndiyo aamke. Huyo metroni anaamka kwa ajili ya watoto wawili wa watu."

Hapohapo akampigia mwalimu simu, akaitaja shule hiyohiyo. Nasambu akangoja amalize.

"Si nilijua utaipenda."

"Uliniita mama wa mfungwa sasa hivi."

"Nilisema nilichoona. Na chakula chao bado sijakiona kikiliwa. Mfungo ukiisha, narudi pale getini."