Ngumi Huanzia Kisiginoni

Machinjioni walimwita Shoka, na jina likamfuata mpaka ulingoni. Alikuwa mwanamke wa mifupa mipana, kazi yake kupasua mizoga kwenye uti wa mgongo, na hakuna mwanamume wa zamu yake aliyethubutu kumtania mara mbili. Lakini katika ndondi Shoka alikuwa mtu wa raundi mbili tu. Ya tatu ikiingia, mikono ilimwelemea kama mitwangio iliyoloa, na wasichana wepesi wakamgeuza ngoma. Mmoja wao, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, alimvunja pua. Shoka alimeza damu yake mwenyewe, kisha akaitapika kwenye ndoo.

Aliyemtengeneza upya ni wifi yake, mke wa kaka yake, mwalimu wa chuo aliyefundisha elimu ya mwili na mazoezi. Alimfunga mkanda wa kifuani unaosoma mapigo ya moyo, akamrekodi akitwanga gunia, kisha akaichezesha video polepole.

"Wifi, kisigino chako kimelala," alisema. "Bega linafanya kazi ya mwili mzima. Litaacha kuchoka vipi?"

"Sasa ngumi nipige kwa mguu?"

"Ndiyo. Mguu unasukuma sakafu, nyonga inazunguka, bega linarusha. Ngumi ni mjumbe tu. Inafika mwisho na salamu za wote."

Mbio ndefu za asubuhi zilipunguzwa. Shoka alitwanga gunia kwa kasi mpaka misuli ikawaka, akapumzika mapigo yashuke, akaanza tena. Alitapika, akatukana, akarudi kesho yake. Miezi ilivyopita, moyo wake ukawa unatulia upesi zaidi kila akipumzika.

Aliporudiana na yule wa mkono wa kushoto, raundi ya tatu ilimkuta bado anaruka. Alimchoma ngumi ya ini. Binti akapiga magoti, kinywa wazi, pumzi haiingii. Alipojitutumua kusimama, Shoka alizungusha nyonga na kumvunja taya. Mlio wa mfupa ulikuwa uleule wa mizoga ya kazini. Watu walishangilia. Shoka hakumwonea huruma hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Wiki chache baadaye, wifi alipokuwa akimfunga mkanda, mkono wa gauni lake ukapanda. Kulikuwa na alama nyeusi za kubanwa na vidole, na juu yake jeraha la kung'atwa.

"Nani?"

"Tuanze mazoezi, wifi."

"Nimeuliza nani."

"Unamjua. Mmenyonya ziwa moja."

Shoka alitoka akiwa bado na nguo za mazoezi, wifi akimkimbilia nyuma. Walimkuta kaka mezani, anakula.

"Kaka, ni kweli unampiga?"

"Ya nyumba yangu yanakuhusu nini? Kapasue ng'ombe wako."

"Ni kweli?"

Kaka aliinuka, akamzaba kofi juu ya pua ileile iliyowahi kuvunjika. Kisigino cha Shoka kikanyanyuka chenyewe. Ngumi ilizama chini ya kwapa la kaka, mbavu zikaitika, naye akaanguka na kitambaa cha meza, sahani na mchuzi. Alikohoa povu jekundu. Shoka aliinama, akamkaba shati na kuinua ngumi ya pili, lakini wifi akamning'inia mkononi.

"Ubavu umeingia kwenye pafu. Ukimpiga tena umemuua. Niachie nimkalishe."

Alimwegemeza ukutani, akampigia daktari simu, akamhesabia pumzi kwa sauti ileile ya mazoezini mpaka gari la wagonjwa likafika. Baada ya hapo akafunga sanduku lake, akaondoka.

Kaka alipona, ingawa ngazi humtoa jasho. Shoka alifungwa miezi kadhaa. Alipotoka alikwenda kwa mama yake, naye akazungumza naye kupitia dirisha.

"Umenivunjia mwanangu."

"Na mimi ni mwana wa nani, mama?"

Dirisha likafungwa.

Siku moja wifi alimwambia kwamba hakumfundisha nguvu zile ili ampige nazo mumewe. "Ningefanya nini?" Shoka akauliza. Wifi akamwonyesha gunia.

Alirejea ulingoni. Waliotarajia kwamba jela imempa huruma walikosea. Anapiga mbavu zaidi kuliko zamani, na akishinda huketi konani, taulo usoni, mpaka asikie mpinzani wake anapumua.