Siku Mbili za Juani

Nilipopewa siku tatu za mapumziko, baada ya miezi mingi ya zamu katika wodi ya wazazi, kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa daftari. Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa Njombe kwenye baridi na ukungu, na miaka niliyokaa Kilindoni haijaniondolea tabia ya kuandika kila jambo. Saa kumi na mbili kuamka. Saa moja bajaji hadi Utende. Saa mbili boti ya kwenda kisiwa cha Juani. Saa nne magofu ya Kua. Nikajaza ukurasa mzima.

Binti yangu wa miaka tisa alisoma begani kwangu.

"Mama, mbona hapa hakuna pa kukaa tu?"

"Kukaa tu kufanya nini?"

"Hakuna. Kukaa."

Mdogo wake, mwenye miaka mitano, alitaka twende mahali ambapo simu yangu haijui njia. Nikauchana ule ukurasa.

Tulianza upya, kidogo kidogo, kila alasiri kwenye mkeka barazani. Baba yao alikuwa kazini bara, kwa hiyo mshauri wetu akawa jirani, mama wa makamo anayelima mwani. Watoto humwita Bibi. Akirudi kutoka baharini alikuja moja kwa moja kwetu, upindo wa kanga ungali umelowa. Alizaliwa Juani. Alituhadithia macho nusu yamefumbwa: nyayo za kasa mchangani alfajiri, minazi inayonong'ona hata pasipo upepo, mchanga mwororo kama unga. Mwanangu mdogo alichora kisiwa kwa chaki sakafuni, tukawa tunakiruka tusikifute. Hata kazini, nikimpima mjamzito presha, nilijikuta nimekwishavuka, miguu yangu imo majini.

"Bibi, twende wote," binti yangu akasema siku moja.

"Mimi? Nimeacha nini huko?" Akainuka, chai yake haijafika nusu.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa yake nikamfuata na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikuwa akianua mwani uliokauka. Bila kunitazama akaniambia kwamba kifungua mimba wake, mtoto wa kiume, alikufa kwa homa akiwa na umri wa huyu wangu mdogo, na amezikwa Juani. Muda mfupi baadaye yeye na mumewe walihamia Kilindoni. Hajarudi tena.

"Si mbali," akasema. "Moyo tu ndio hautaki. Kungekuwa mbali ningesingizia safari."

Nilimsaidia kuanua, na nilipoaga nikamwambia tu kwamba tunaondoka Jumamosi, maji yakijaa asubuhi.

Jumamosi tulimkuta amekwishaketi ndani ya bajaji, kapu la mikate ya kumimina mapajani, kichupa cha marashi mkononi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Binti yangu alijibana tu pembeni yake.

Maji ya asubuhi ile yalikuwa maangavu hata boti ikaonekana inaelea hewani, kivuli chake kikitambaa mchangani chini yetu. Tulifikia kwa mdogo wake Bibi, nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiwa vizuri. Siku ya kwanza tulikula, tukalala, tukaamka, tukala tena. Kua hatukufika. Nilisahau hata ni saa ngapi.

Siku ya pili, jua lilipolegea, Bibi alimshika mwanangu mdogo mkono akaanza kutembea. Tukawafuata, mimi, binti yangu na mdogo wake Bibi. Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe ya matumbawe, halina hata jani moja la magugu.

"Nani kalipalilia?" Bibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," mdogo wake akajibu. "Kila mwezi wa Shaaban. Nilijua utakuja."

Bibi alikaa chini. Akasoma Fatiha, akanyunyiza marashi. Mimi na binti yangu tuliinamisha vichwa, tukasali kwa namna yetu. Mwanangu mdogo akauliza:

"Bibi, alikuwa anapenda nini?"

Nilitaka kumnyamazisha. Bibi akafikiri.

"Kukojoa baharini," akasema. "Nikimpiga, kesho anarudia."

Akacheka, nasi tukacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Mwanangu alimwegemea mpaka akamaliza kulia.

Tuliporudi ufukweni tulijilaza mchangani kwa safu, wakubwa na watoto. Bibi akaanza kuwaambia wanangu habari za mtoto yule, jinsi alivyokuwa akikimbia, jinsi alivyochukia kuoga kisimani. Sauti yake ilikuja na kuondoka, nami nilikuwa nusu usingizini. Maji yakapanda taratibu hadi visiginoni mwetu. Hakuna aliyesogea.