Hodi kwenye Mlango wa Ndege

Mnunuzi wa kahawa wa Mlowo hapandi chombo cha mtumba bila kupiga hodi. Ambwene, dereva wake tangu enzi za Fuso la kwanza, ameshamzoea: anavua kofia, anapapasa bati kama anavyopapasa gunia la kahawa, ananusa viti, kisha anaita kwa lafudhi yake nzito ya Kinyiha, "Hodi humu!" Enzi hizo mkewe alikuwa akitangulia kupanda, naye akijibu kutoka ndani huku akicheka, "Karibu, baba watoto, chai ipo!" Hapo gari lilikuwa limeshanunuliwa.

Leo, uwanjani Songwe, ni ndege ndogo ya jeti, ya mtumba, viti vinne tu. Amepapasa bawa, amenusa ngozi ya viti. Muuzaji anasifia injini; yeye amesimama mlangoni, anapiga hodi. Kimya. Anarudia, sikio kaliinamisha. Ambwene anatazama chini, maana tangu wamzike mama, mke wa mzee, hawajanunua hata pikipiki. Hodi ya tatu inatoka kama mnong'ono.

"Ingia tu, mzee, hii ni yako," muuzaji anahimiza.

Mzee anavaa kofia yake polepole.

"Twende, Ambwene. Wenyewe hawapo."