Mshenga wa Mheshimiwa

Shughuli nzima ilinigharimu ng'ombe watano. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata wanne, nikarudia, maana hesabu ya mara moja ni ya mtu anayetaka kuibiwa. Yule wa tano aliliwa nyumbani kwangu, na ng'ombe aliyeliwa na wageni mtu hupenda kumsahau.

Mimi ni dalali wa ng'ombe hapa Bariadi. Kazi yangu ni kusimama mnadani kati ya mfugaji aliyeswaga wanyama wake kutoka Bukundi na tajiri aliyekuja na lori, kila mmoja akiamini mwenzake ni mwizi, mpaka wote wawili waondoke wakinung'unika kwa kiasi kile kile. Mmoja akiondoka anacheka, ujue nimekosea. Hatuandikiani. Nikisema dume hili halijawahi kuugua, basi halijawahi kuugua. Siku nitakayokutwa nimedanganya, itabidi nikauze nyanya.

Huyu ninayemsimulia simtaji jina, na jimbo lake silitaji. Mkoa wa Simiyu una majimbo ya kutosha, anayetaka kukisia akisie, atakosea. Nilimfahamu akiwa bwana mifugo, ana pikipiki ya serikali na buti za mpira, na mkono wake wa kulia unanuka dawa hadi begani. Mfugaji wa kwetu anaweza kukuficha idadi ya ng'ombe wake hata ukiwa mdogo wake wa tumbo moja. Lakini mtu aliyeingiza mkono ndani ya ng'ombe wako wakati ndama amekwama, huyo humfichi kitu. Huo ndio mtaji alioanzia siasa, na nimeona wengi walioanza na mtaji mbaya zaidi.

Alipotaka kuoa alinichukua mimi niwe mshenga wake. Kwetu mshenga si mpeleka salamu. Anaketi na wazee wa binti, vijiti vinapangwa chini, kila kijiti ng'ombe mmoja. Wao wanaongeza, yeye anaondoa, mpaka jua linahama upande wa pili wa nyumba. Wakishakubaliana, aliyefungwa ni mshenga. Bwana harusi akiharibu huko mbele, ukweni hawaendi kugombana naye. Wanakuja kwa mshenga, wanakaa uani kwake, wanasubiri. Siku ile niliondoa vijiti vingi kiasi kwamba baba mkwe aliniuliza kama nimekuja kuposa au kuokota.

Akawa diwani, akafanya vizuri, halafu akautaka ubunge. Alikuwa na mambo matatu, na kila mahali aliyasema kwa mpangilio ule ule: dawa ya pamba ifike kabla ya wadudu, wasichana wa sekondari wapate mabweni, na mfugaji asifanywe mhalifu kwa sababu tu kiangazi kimefika. La kwanza lilipigiwa makofi kwenye vijiji vya pamba, la pili kanisani. La tatu lilikuwa la wafugaji, na kwa wafugaji alinipeleka mimi, kwa kuwa lugha yao ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote.

Kuna kijiji kimoja kinachopakana na hifadhi. Kiangazi kikikaza, maji yanabaki upande wa pili wa mpaka tu, na ng'ombe hawajui kusoma kibao. Mkutano ulifanyika kwenye josho lao la kuogeshea ng'ombe, ambalo lilikuwa limepasuka na halijaona dawa kwa miaka. Watu walikuwa wengi na walikuwa kimya. Wagombea wengine walikwishapita wakagawa kofia na fulana. Nilimwona mzee mmoja amevaa fulana ya mgombea huyu na kofia ya yule, hana upendeleo. Mtu wangu akasema mambo yake matatu. Hakuna aliyepiga makofi.

Ndipo akasimama namhala mmoja. Namhala ndilo jina la heshima tunalowapa wazee wetu. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, na watu walisogea ili wamsikie.

"Huyu kijana anatuposa," akasema. "Sasa mshenga wake yuko wapi?"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu tufike. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya gari nalinda kreti za soda. Dalali akisikia wateja wamecheka, anajua bei imeanza kufunguka. Nikasimama nikasema, "Niko hapa, na nimekuja na njaa." Wakacheka zaidi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akaenda shambani akavunja miti mikavu ya pamba, akaileta ikiwa imekatwa vipande, tukakaa chini.

Walipanga vijiti sita, kila kijiti ombi moja. Nilikiondoa cha zahanati, nikasema mahari gani hiyo, binti mwenyewe ana makovu, tazameni josho. Wakajibu kwamba kovu hilo limeletwa na wachumba waliotangulia. Niliondoa cha umeme, wakakirudisha, nikakiondoa tena. Mheshimiwa mtarajiwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anafurahi kama bwana harusi yeyote anayeona wengine wanatoka jasho kwa ajili yake. Tulimalizia vijiti vitatu. Josho litengenezwe. Lambo lichimbwe. Na jambo la mpaka likifika bungeni, asimame upande wao. Namhala alivifunga vile vitatu kwa kamba ya katani, akavishika kwa mikono miwili, akanipa mimi. Kura za kijiji kile nilizihesabu baadaye mara mbili. Karibu zote zilikuwa zetu.

Kwenye gari mheshimiwa alinipiga bega, akaniita nkoi, yaani rafiki, akasema ningezaliwa mjini ningekuwa waziri. Nilijibu kwamba nimezaliwa mjini, ni baba tu aliyekataa kukubali. Vile vijiti nilivitia juu ya kizingiti cha mlango wangu. Sikuwa na sababu kubwa. Mzazi yeyote wa huku atakwambia vijiti vya posa havitupwi.

Miaka ya kwanza alikuwa mbunge mzuri, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Josho likatengenezwa. Lambo likachimbwa, likashika maji. Kila kilipokamilika kimoja nilikwenda kijijini, nikachomoa kijiti mbele ya namhala, tukakivunja, tukanywa maziwa mgando. Kikabaki kimoja.

Siku jambo la mpaka lilipofika bungeni nilikuwa kwenye mgahawa karibu na mnada, nakula chapati na matajiri wawili wa lori, na televisheni ilikuwa juu ya friji. Nilimwona anasimama. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wapiga kura wake, akamshukuru mke wake, huyo huyo niliyemposea mimi. Halafu akasema mifugo ipunguzwe, ukanda ule wa mpaka ubaki bila ng'ombe hata kiangazi, na faini ziongezwe. Akaunga mkono hoja kwa asilimia mia.

Tajiri mmoja akafuta mdomo, akaniuliza, "Dalali, huyu wako si ulituambia ni dume? Mbona leo anakamuliwa?"

Mgahawa mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, ndiyo kazi. Lakini nililipa chapati mbili nilizokula na moja ambayo sikuila, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Alipokuja Bariadi nilikwenda kwake. Alikuwa anakula samaki wa ziwani kutoka Kalemela na ugali, akanikaribisha tule sinia moja kama zamani. Hakujificha wala hakutafuta maneno. Alisema kura yake moja isingezuia lile jambo, lilikuwa linapita tu. Wabunge wa mikoa mingine walimwambia awaunge mkono kwenye mpaka, na wao wangesimama naye kwenye dawa ya pamba. "Nimeiuza kabla haijaoza," akasema. "Wewe ungefanyaje?"

Nilipiga hesabu. Kaya zinazolima pamba jimboni kwake, na kaya zinazochunga karibu na mpaka. Nikapiga tena, nikitoa wale wanaofanya yote mawili. Jibu lilikuwa lile lile. Msimu ule dawa ilifika kabla ya wadudu, na vijiji vya pamba vilimchinjia. Bei aliyoipata ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa amedanganywa ningemwonea huruma, angekuwa amehongwa ningemtukana, lakini alikuwa amefanya biashara ambayo mimi mwenyewe, mnadani, ningeipigia mkono.

Nikamwambia kitu kimoja tu. Ng'ombe wa mtu hauzwi dalali wake akiwa hana habari. Aende mwenyewe kijijini akawaeleze. Akaahidi kwenda ratiba ikiruhusu. Ratiba haikuruhusu.

Kiangazi kilipokaza, lambo likabaki tope. Ng'ombe wakafuata maji, wakavuka, wakakamatwa. Wengi walikuwa wa yule namhala. Faini zilikuwa zile mpya, zilizoungwa mkono kwa asilimia mia, na ili awakomboe baadhi ilibidi wengine wauzwe. Waliouzwa walipita mnadani kwetu. Niliwatambua kwa alama za masikioni, nikamwachia dalali mwenzangu awauze. Sikuweza kuwapigia bei.

Wiki chache baadaye wazee wanne, yule namhala mmoja wao, waliingia uani kwangu asubuhi, wana fimbo zao na vifurushi vya michembe, yale makopa ya viazi vitamu. Wakasema "Mwangaluka," nikaitikia. Wakauliza habari za watoto, za mvua, za mnada. Wakakaa. Saa sita walikuwa bado wamekaa. Jioni mke wangu aliniita jikoni.

"Baba fulani, hawa wamekuja kuoa au kuachisha?"

"Wamekuja kwa mshenga," nikamwambia. Akanitazama, akatoa sufuria kubwa.

Walilala. Kesho yake nilichinja. Huyo ndiye ng'ombe wa tano ninayependa kumsahau. Mezani walisifia nyama. Hakuna aliyeinua sauti, hakuna aliyemtaja mheshimiwa kwa ubaya. Afadhali wangenitukana, maana matusi nina bei yake. Siku ya tatu namhala akaomba kuona vile vijiti. Nikapanda kwenye kigoda nikakishusha kile kimoja kilichobaki, na kamba yake. Nikaanza kueleza habari za dawa ya pamba, kura moja, hoja iliyokuwa inapita tu. Nilieleza vizuri. Mimi ni mtu wa kueleza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo hatukumpa sisi," akasema. "Tulikupa wewe."

Walinipa njia mbili. Nimlete bwana harusi josho lile lile, aseme mwenyewe mbele ya watu alichokifanya. Au niweke ng'ombe. Nilimpigia mheshimiwa simu mbele yao. Ilipokelewa na msaidizi wake, akasema mheshimiwa yuko kwenye kamati.

Nikatoa mitamba minne. Walipoanza walitaka sita, na aibu isiyo na kifani ni kwamba hata pale nilijadili. Namhala akanifafanulia vizuri, ili nisije nikajidanganya, kwamba hao si malipo. Wamewekwa tu. Siku nitakapomleta mtu wangu, nitarudishiwa mitamba yangu na kila walichozaa. Kijiti akanirudishia, nikakirudisha juu ya mlango. Tangu hapo watu wa kijiji kile wanapita na ng'ombe wao mnadani, wananisalimia kwa heshima zote, na wanakwenda kwa dalali wa pili. Wengine wa jirani wameanza kuwafuata. Neno langu ndilo duka langu, na naliona linafungwa ubao mmoja mmoja.

Sasa kura ziko karibu tena. Juzi mheshimiwa alinipigia mwenyewe, bila msaidizi. "Mshenga, twende kijijini kwetu," akasema, na lile "kwetu" nililisikia vizuri. Anasema atalipeleka upya suala la mpaka, safari hii ana watu wa kumuunga mkono, dawa ya pamba imekwisha kuwa jambo la kawaida, hadaiwi tena na mtu. Atasimama kwenye josho aseme alichofanya. Nilimuuliza mara mbili kama atasema. Mara ya kwanza alisema ndiyo. Mara ya pili alisema ndiyo, nkoi, lakini tutaangalia namna ya kuliweka.

Hilo la namna ya kuliweka ndilo linaloninyima raha. Nikimpeleka, nimetimiza. Mitamba yangu inarudi, na ndama wao, ambao kwa hesabu yangu hawapungui watano. Wateja wangu wanarudi. Na watu wale, wakimwona nimekuja naye, watampa kura kwa sababu yangu, kama mara ile. Akigeuka tena, nitakuwa nimewauza watu wale wale mara mbili kwa mnunuzi yule yule. Nikikataa kwenda, nabaki mtu aliyeshindwa kumleta bwana harusi wake, na duka langu linafungwa. Mke wangu anasema nimpeleke mwizi wangu nirudi na ng'ombe wetu, anamaanisha ile mitamba, mengine ni ya wapiga kura. Mimi nimelala nalo jambo hili, nimeamka nalo, hesabu haikai.

Kwa hiyo nauliza, na sioni haya kuuliza, maana humu wasomaji wamo waliowahi kuwa washenga. Je, mila inamruhusu mshenga kumfikisha bwana harusi hadi mlangoni, kama alivyoahidi, halafu akawaambia wenye nyumba wasimfungulie? Akifanya hivyo, mitamba ni yake au si yake? Anayejua anishauri kabla ya Jumamosi. Gari linapita kunichukua saa mbili asubuhi.